Kuhamisha Kanda za Kamera ya Video Kwenda Kwenye Kompyuta: Nunua Kipi Kwanza

Kabla hujatoa hela yoyote, chukua kanda moja usome maandishi yaliyo kwenye gamba lake. MiniDV, Digital8, Hi8, Video8 au VHS-C: jina hilo kwa kawaida ndilo linaloamua ununue nini, ingawa Digital8 hurekodiwa pia kwenye kanda zilizoandikwa Hi8. Hasara nyingi huanzia kwa mwenye kanda za MiniDV anayenunua kifaa cha USB cha kunasa video, halafu anapata picha iliyofifia. MiniDV, iliyoingia sokoni mwaka 1995, ni ya kidijitali tangu ilipotoka kwenye kamera. Utepe umebeba data, na data hunakiliwa ilivyo. Digital8 nayo ni hivyohivyo. Hi8, Video8 na VHS-C ni analogi, na hizo ndizo zinazohitaji kifaa cha kubadilisha mawimbi kuwa faili.

Hela ya kwanza iende kwenye mashine ya kuchezea

Kama kamera iliyorekodi bado inafanya kazi, itumie hiyohiyo. Sababu ni mpangilio wa hedi, yaani vichwa vinavyoandika na kusoma utepe: kila kamera huandika mistari yake kwa pembe iliyotofautiana kidogo na nyingine. Tofauti hiyo huumiza hasa kanda zilizorekodiwa kwa mwendo wa LP, ambapo kanda ya dakika 60 hubeba dakika 90 kwa sababu mistari imebanwa.

Ukilazimika kununua kamera iliyotumika, usihangaike na lenzi, betri wala mikwaruzo. Angalia mambo haya: mlango wa kanda unafunguka na kufunga wenyewe bila kusukumwa, kanda inacheza, inasonga mbele, inarudi nyuma na kutoka bila kutafunwa, tundu la DV (la waya wa kuhamishia data) halijalegea, na adapta ya umeme ipo, maana betri chakavu haimalizi kanda nzima. Jaribu kwa kanda isiyo na thamani. Viboksi vinavyorukaruka kwenye picha mara nyingi ni uchafu wa hedi, na kanda kavu ya kusafishia ikizungushwa sekunde kumi hivi huvimaliza. Usiizungushe tena na tena, kwa sababu inakwangua hedi. Lakini picha ikigawanyika kwa mistari mipana, mmoja mzima na mmoja umekufa, na hali ikabaki vilevile baada ya kusafisha, hedi moja imekwisha. Iache kamera hiyo.

Mfumo wa picha nao, yaani PAL au NTSC, viwango viwili vya televisheni, uwe sawa na wa kanda zako. Kamera ya PAL kwa kawaida haichezi vizuri kanda ya NTSC.

Nafasi ya kwanza: FireWire, kwa MiniDV na Digital8

FireWire ni aina ya tundu na waya wa kuhamisha data, na hakuna kinachoishinda. Kwenye kamera tundu lake huandikwa DV au i.LINK, na mara nyingi ni dogo la pini 4. Upande wa kompyuta utakuta pini 6 (FireWire 400) au pini 9 (FireWire 800), kwa hiyo hesabu pini za pande zote mbili kabla ya kuagiza waya.

Chaguo la nafuu na lisilo na usumbufu ni kompyuta ya zamani yenye tundu hilo tayari. MacBook Pro ya inchi 13 ya katikati ya 2012, kwa mfano, inalo la pini 9. Kwa kompyuta ya mezani ya Windows, nunua kadi ya FireWire ya PCIe, na utafute yenye chipu ya Texas Instruments. Kwenye Windows 10, kamera isipoonekana, mara nyingi dawa ni kuweka draiva ya zamani ya 1394 ambayo Microsoft huiita "Legacy". Kwa Mac mpya zaidi, mnyororo ni waya wa pini 4 kwenda 9, kisha adapta ya Apple ya Thunderbolt kwenda FireWire, kisha ya Thunderbolt 3 kwenda Thunderbolt 2. Hakikisha toleo la mfumo wako kwanza, kwani macOS 26 imeondoa FireWire, na adapta zote hizo hazitasaidia kitu.

Zima kamera na kompyuta kabla ya kuchomeka waya. Pini 6 hubeba umeme, na plagi ikiingia kinyume huunguza tundu la kamera. Ukishachomeka, weka kamera kwenye VCR au PLAY. Kwenye Windows tumia WinDV, kwenye Linux dvgrab; zote ni za bure na hunakili data bila kuibadilisha. Saa moja ya kanda huchukua saa moja kuhamisha na kama gigabaiti 13 za diski. Diski isiwe FAT32, maana huko faili haliwezi kuvuka gigabaiti 4.

Kanda zilizorekodiwa kwa HDV (video ya ubora wa HD kwenye kanda) hupita waya huohuo, ila kamera lazima iwe ya HDV na programu iwe inayoijua, kama HDVSplit.

Nafasi ya pili: kamera ya Digital8, kwa Hi8 na Video8

Wenye kanda nyingi za milimita 8 waifikirie hii kabla ya yote. Baadhi ya kamera za Digital8 za Sony hucheza Hi8 na Video8, huzigeuza kuwa za kidijitali ndani ya kamera, na kutoa DV kupitia FireWire. Faida kubwa ni kwamba nyingi zina kitengo cha kunyoosha mawimbi yanayoyumba, hivyo pembe za picha hazipindi na sauti haiachani na midomo. Si kila modeli ina uwezo huo. Soma mwongozo wa matumizi wa modeli yenyewe kabla ya kulipa, na usitegemee neno la muuzaji.

Nafasi ya tatu: kifaa cha USB cha kunasa video

Hiki ni cha analogi peke yake. I-O Data GV-USB2 na Hauppauge USB-Live 2 vina sifa nzuri. Vile vya bei ya chini kabisa vinavyouzwa kwa jina la EasyCap ni bahati nasibu: gamba ni lilelile, chipu ndani hubadilika, na draiva haiji.

Kama kamera ina tundu la S-Video, nunua waya wake. Hi8 huhifadhi mwanga na rangi kila kimoja peke yake, na waya wa njano wa picha huvichanganya tena. Matokeo yake ni vinukta vinavyotambaa kwenye kingo za rangi. S-Video haibebi sauti, kwa hiyo waya mwekundu na mweupe bado unahitajika.

Ugonjwa mkuu wa njia hii ni sauti kuchelewa kidogokidogo hadi mwisho wa kanda. Chanzo ni fremu zinazodondoka kanda inapoyumba. Wajuzi hupitisha mawimbi kwanza kwenye rekoda ya DVD kama Panasonic DMR-ES10 au ES15, si kwa ajili ya kurekodi, bali kwa sababu huyanyoosha yanapopita. Nasa kwa 720x576 ukiwa na PAL, 720x480 ukiwa na NTSC, bila kukuza.

VHS-C ina gamba la kuiingiza kwenye deki ya VHS. Hi8 na Video8 hazina. Anayekuuzia gamba kama hilo anakudanganya.

Nafasi ya nne: kumpa fundi

Inafaa kwa kanda chache, au zenye ukungu, ambazo hazifai kuingizwa kwenye mashine yoyote kabla ya kusafishwa. Muulize swali moja: kanda za MiniDV unazihamisha kwa FireWire, na utanipa faili la DV lenyewe? Akijibu kwamba anatoa DVD au MP4 pekee, tafuta mwingine.

Usinunue

Waya wenye USB upande mmoja na FireWire upande wa pili ni nyaya tupu zilizounganishwa. Hakuna kinachotafsiri lugha ya moja kwenda nyingine. Tundu la USB la kamera nyingi za MiniDV nalo ni la picha za mnato au video ya ubora wa chini. Viboksi vya kugeuza waya wa njano kuwa HDMI hukuza na kuvuta picha kabla hujainasa, na uharibifu huo haurudishiki.

Kabla ya kucheza kanda yoyote, sogeza kitufe kidogo cha mgongoni mwa MiniDV kwenye SAVE ili isifutike kwa bahati mbaya. Faili la DV litunze kwenye diski mbili tofauti. Nakala ya kutazama itengeneze pembeni kwa H.264, mistari inayopishana ikiondolewa kwa kichujio cha bwdif cha programu ya FFmpeg na kutoa fremu 50 kwa sekunde kwa PAL. Ukitoa 25, mwendo utaonekana wa kukatakata.