Kipimo cha buluu cha gasketi ya hedi: uzoefu wangu, Tanga

Gari langu dogo la petroli lilianza kuchemsha kwenye mlima wa kutoka Mombo kwenda Lushoto, ilhali kwenye tambarare ya Segera hadi Tanga mjini lilikwenda bila shida. Maji yalipungua kwenye rejeta bila kuonekana yanapovujia. Fundi wa kwanza aliyelitazama alitamka papo hapo kwamba gasketi ya hedi, yaani kizibo bapa kilicho kati ya bloku ya injini na hedi (sehemu ya juu inayofunika silinda), imeungua na hedi ishushwe siku hiyohiyo. Huenda ikawa kweli, lakini kushusha hedi ni gharama kubwa, na gari huweza kuchemsha kwa sababu ya kifuniko cha rejeta kilichochoka, feni isiyozunguka au themostati (vali inayofunguka kwa joto kuruhusu maji kwenda kwenye rejeta) iliyokwama.

Ndipo niliponunua kipimo cha kemikali. Ni bomba la plastiki linalokaa kwenye mdomo wa rejeta, ndani lina kimiminika cha buluu na juu lina mpira wa kubinya. Ukiubinya na kuuachia, hewa iliyo juu ya maji hupita kwenye kimiminika. Ikiwa imechanganyika na kaboni dayoksaidi inayopenya kutoka kwenye silinda, rangi hugeuka kuwa njano.

Nilifungua kifuniko injini ikiwa baridi, kwa maana kukifungua ikiwa ya moto ni kujitafutia majeraha ya uso, nikapunguza maji kidogo ili yasivutwe kuingia kwenye bomba, kisha nikawasha injini na kusubiri ipate joto. Mwanzoni hapakuwa na badiliko lolote. Baadaye buluu ikaanza kuingia ukijani, na hatimaye ikawa njano kabisa kama maji ya bizari.

Hedi iliposhushwa kwenye gereji moja ya Ngamiani, gasketi ilikutwa imeungua kati ya silinda mbili, na pistoni moja ilikuwa inang'aa kuliko wenzake kwa kuwa mvuke wa maji ulikuwa ukiiosha. Fundi aliweka rula ya chuma juu ya hedi, akaonyesha mwanga unaopenya chini yake: hedi ilikuwa imepinda, ikabidi ipelekwe kusawazishwa kwa mashine. Chanzo kilikuwa kwenye rejeta, ambayo mirija yake ilizibwa na kutu na magadi, kwani mmiliki wa awali alikuwa akiijaza maji ya kisima, na visima vingi vya pwani yetu vina chumvi. Sasa natumia kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupozea injini, na themostati ambayo mafundi wengi huitoa kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto imerudishwa mahali pake. Mshale wa joto ukipanda mlimani, nasimama na kuzima injini, maana ni kule kuendelea kuendesha ndiko kunakopinda hedi.

Kipimo hiki kina mipaka. Gasketi ikipitisha maji kwenye oili tu, au ikivujia nje, buluu haibadiliki. Hapo utazame oili kama imekuwa na rangi ya maziwa. Vilevile njano haitofautishi gasketi iliyoungua na hedi iliyopasuka. Kimiminika kikichanganyika na kulanti huharibika, hivyo kabla ya kukiamini nakijaribu kwanza kwenye moshi wa ekzosi, ambako lazima kigeuke. Kasoro iliyoniudhi ni mpira wa chini, ambao haukai sawasawa kwenye rejeta zenye mdomo mdogo, na inakubidi uukandamize kwa mkono mmoja huku ukibinya kwa mwingine.