Kipimo cha aleji cha mkononi: nimekilipia mara mbili

Wanaouliza kama kipimo cha kudondoshewa matone mkononi kina maana: kina maana. Ila soma kwanza yaliyonikuta.

Mara ya kwanza, kliniki moja hapa Dar, nesi alinichora mkono kwa kalamu, akadondosha matone (wadudu wa vumbi, mende, paka, kamba), akachoma kila tone kwa kijisindano. Hakiumi, damu haitoki. Dakika 15 zikapita, mkono hauna kitu. Hata tone la histamini yenyewe (kemikali ya mwilini inayoleta uvimbe na mwasho wa aleji), linalotakiwa kumvimbisha kila mtu, kimya! Ndipo akauliza, "Kaka, umemeza dawa ya aleji?" Jana yake nilimeza setirizini ya miligramu 10, kama kawaida yangu. Kumbe unatakiwa kuiacha kama wiki nzima kabla, na walionipa miadi hawakusema. Hela hawakurudisha.

Nikahamia kwingine. Daktari wa huko, mama mpole, alinieleza huku tunasubiri. Ndani ya ngozi kuna seli za kinga ziitwazo masti, zimejaa vijifuko vya histamini. Kwa nje zimebeba kingamwili za IgE, kama mitego iliyotegwa. Kile usichopatana nacho kikinasa mitego miwili kwa pamoja, seli inamwaga vijifuko vyake papo hapo. Vijishipa vya damu vinatanuka, vinavujisha maji, panavimba na kuwasha. Setirizini haizuii kumwaga huko. Yenyewe inawahi kiti cha histamini, histamini ikifika inakuta kimekaliwa. Basi mkono wangu wa kwanza ulikuwa unadanganya.

Safari hii mende alitoa kivimbe cha milimita 7, daktari akakipima kwa rula. Kuanzia 3 wanahesabu. Wadudu wa vumbi 5, kamba 4. Nikashtuka, kamba nakula tangu utoto! Akacheka: mende, wadudu wa vumbi na kamba wana protini inayofanana, na kama unakula bila shida, kivimbe peke yake si sababu ya kuacha.

Nyota moja nawakata: jioni pale pa mende pakavimba upya, pana kuliko mwanzo. Nilipopiga simu wakasema ni kawaida, seli zile huita wenzao na wimbi la pili huja saa kadhaa baadaye. Wangesema mapema nisingekesha.

Na kabla hujanyoosha mkono, uliza kama wana adrenalini (dawa ya kumwokoa mtu aleji ikimzidi ghafla) hapo chumbani. Hawana? Ondoka.

Nne kati ya tano. Kamba bado nakula.