Insiang: Manila ya Lino Brocka katika Nakala Iliyosafishwa

Watazamaji waliouzoea Ufilipino kupitia tamthilia za mapenzi zinazorushwa na televisheni zetu, zile za tajiri kumpenda binti maskini huku mama mkwe akipanga njama, watakutana na nchi nyingine kabisa katika Insiang, filamu iliyoongozwa na Lino Brocka mwaka 1976 na kuonyeshwa katika tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, miaka miwili baadaye. Nakala ninayoizungumzia ni ile iliyofanyiwa ukarabati katika maabara ya Bologna, Italia, mwaka 2015, kwa msaada wa taasisi ya Martin Scorsese inayookoa filamu za zamani.

Filamu inafunguka machinjioni. Nguruwe anachomwa kisu, damu inamwagika, mizoga inatumbukizwa katika maji ya moto, na kamera haigeuzi uso. Hapo ndipo anapofanya kazi Dado, mbabe wa mtaa wa mabanda wa Tondo jijini Manila, ambaye muda si mrefu anahamia kwa Tonya, mwanamke anayemzidi umri na aliyetelekezwa na mumewe. Tonya ana binti, Insiang, na kuanzia hapo kila mtazamaji anaona msiba unakuja, ingawa hakuna anayeweza kukisia utakavyofika.

Uhodari wa Brocka umo katika namna anavyoitumia nyumba yenyewe. Kibanda ni kidogo kiasi kwamba mtu hawezi kubadili nguo, kulia wala kulala bila mwingine kujua, na Conrado Baltazar, mpigapicha wake, anawabana wahusika katikati ya mbao na mapazia hadi mtazamaji naye anatamani kutoka nje apate hewa. Lakini nje nako kuna walevi wa dukani na majirani waliotega masikio. Rais Ferdinand Marcos alikuwa ametangaza sheria ya kijeshi mwaka 1972, na kuonyesha umaskini wa mji mkuu kwa uwazi namna hii, wakati serikali ikijitahidi kuupamba, kulihitaji ujasiri.

Hilda Koronel anamwigiza Insiang kwa utulivu unaotisha zaidi kadiri hadithi inavyosonga, hasa baada ya Dado kumbaka na mama kuamua kumwamini mwanamume. Hata hivyo, kwa maoni yangu, filamu ni ya Mona Lisa, anayemwigiza Tonya. Mwanzoni tunamchukia, anapowafukuza ndugu wa mumewe na watoto wao bila haya. Baadaye tunaanza kuiona hofu ya mwanamke anayejua kwamba akimpoteza huyu, hatampata mwingine. Bebot, mpenzi wa Insiang, ni mwoga tangu anapotokea, wala hapewi nafasi ya kuwa zaidi ya hapo, na muziki nao wakati mwingine unatulazimisha kuhuzunika pale ambapo uso wa mwigizaji ulikuwa umekwisha kutosha.

Picha ni safi na rangi zimerudi bila kung'arishwa kupita kiasi. Manukuu ni ya Kiingereza, hakuna ya Kiswahili, ila maongezi ni mafupi na hayachoshi kuyafuata. Filamu haizidi sana saa moja na nusu. Haifai kabisa kutazamwa na watoto, na asiyestahimili kuona mnyama akichinjwa aanze baada ya dakika chache za mwanzo, maana hatapotea katika hadithi.