Kasino za Sarafu Mbili: Je, Jimbo Lako Linaziruhusu?

Watazamaji wapenzi, karibuni. Bidhaa ninayoichambua leo ni zile kasino za mtandaoni za Marekani zinazojinadi kuwa si kamari bali ni bahati nasibu ya matangazo, kama vile Chumba Casino na Stake.us. Swali la kwamba ni halali au si halali halina jibu moja, kwa sababu kila jimbo lina sheria yake.

Ukifungua duka lililo ndani ya programu za kasino hizi, utauziwa fungu la sarafu za Gold Coins, tuseme kwa dola 10, ambazo ni za kujiburudisha tu na hazibadilishwi kuwa fedha. Papo hapo utaongezewa, wanasema bure, sarafu za aina ya pili ziitwazo Sweeps Coins, na hizo ukizichezea na kushinda, kila moja kwa kawaida hukupatia dola moja. Majimbo mengi huuhesabu mchezo kuwa kamari pale yanapokutana mambo matatu, yaani zawadi, bahati na malipo ya kushiriki. Kampuni hizi hudai kwamba zimeliondoa hilo la tatu, kwa kuwa asiyetaka kununua anaweza kuziomba sarafu hizo kwa barua aliyoiandika kwa mkono na kuibandika stempu. Kwa maoni yangu hoja hiyo ni dhaifu: kitufe cha kununua kinang'aa katikati ya skrini, ilhali anwani ya posta imefukiwa ndani ya vigezo na masharti.

Majimbo nayo yameanza kuichoka hoja hiyo. Washington ilikuwa ngumu tangu awali, na mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua kwamba, kwa sheria ya jimbo hilo, hata chipsi za kielektroniki zisizobadilishwa kuwa fedha ni kitu chenye thamani. Mwaka 2025 Montana ilitunga sheria ya kuzipiga marufuku, zikafuata Connecticut na New Jersey, kisha California, ambako marufuku ilianza tarehe 1 Januari 2026.

Hata hivyo, sababu zao hazifanani. New Jersey ina kasino za mtandaoni zenye leseni na zinazolipa kodi tangu 2013, hivyo inalinda soko lake; California haina hata moja, lakini makabila ya wenyeji wa asili yanayomiliki kasino kwa mikataba na serikali ndiyo yaliyousukuma mswada. Sheria ya California inawagusa hata wanaozisaidia kampuni hizo kwa kujua, wakiwemo wanaopitisha malipo.

Louisiana ndiyo inayoweza kukuchanganya zaidi. Bunge lake lilipitisha marufuku, Gavana Jeff Landry akaikataa kwa kura ya turufu mwezi Juni 2025, na aliyesoma habari hiyo juu juu angedhani kwamba njia imefunguliwa. Kumbe gavana alikuwa akisema sheria zilizopo zinatosha, na bodi ya michezo ya kubahatisha ya jimbo ikazituma barua za kuziamuru kampuni kadhaa zisitishe huduma.

Wenzetu mnaoendesha malori huko mnapaswa kuwa makini zaidi, kwa kuwa programu hukagua mahali simu ilipo: unaweza kucheza asubuhi katika jimbo moja, ukavuka mpaka, na jioni ukakuta mchezo umefungwa. Usijaribu kuficha eneo lako kwa VPN, kwa sababu masharti ya kampuni nyingi huziruhusu kufuta ushindi wa anayefanya hivyo, na hutakuwa na pa kulalamika.

Kabla ya kulipa hata senti, fungua masharti na utafute orodha ya majimbo yasiyoruhusiwa, kisha ulinganishe na tangazo la mwanasheria mkuu au bodi ya michezo ya jimbo lako, maana orodha hiyo imeandikwa na muuzaji mwenyewe. Na kampuni ikitangaza kuondoka katika jimbo lako, badilisha salio lako la Sweeps Coins kuwa fedha kabla ya tarehe ya mwisho iliyotajwa.