Jeneza la saiprasi kutoka Kibuye: nyota nne

Mwezi jana nilinunua jeneza la mjomba. Biashara hii watu huiandikia matangazo tu, kwa hivyo wacha niseme nilichokiona.

Karakana haina jina. Iko nyuma ya soko la Kibuye hapa Kisumu. Fuata harufu ya vanishi. Kabla ya hapo tuliingia duka moja lenye vioo na mistari ya Biblia ukutani, muuzaji akamwambia mama, "Kaka yako anaenda kuonana na Mfalme. Kweli utampeleka na saiprasi?" Mama alikuwa tayari kuuza ng'ombe. Nikamshika mkono tukatoka.

Fundi wa Kibuye aliuliza mawili tu: marehemu ana urefu gani, na nani watabeba. Futi 6 na inchi 3, tukakadiria. Watabeba wapwa wake, mmoja ana mgongo mbovu. Akasema mahogani itawaumiza bure, tuchukue saiprasi kwa shilingi 28,000, na vishikio atavifunga kwa bolti zinazopenya ubao. Skrubu fupi hung'oka, mkaaibika kaburini.

Nilipoinama kukagua, nikakuta amepiga msasa hadi upande wa chini, ule unaolala kwenye udongo. Huko nani ataona? "Mkiteremsha, mikono itapita hapo," akasema. "Kibanzi kikimwingia mtu?"

Mimi ni mwanakwaya. Nikamwambia Mungu atamlipa mbinguni. Akacheka: yeye hangoji malipo hayo, mtu akifa amekwisha, wanaobaki na maumivu ni waliomzika. Nikamtolea Paulo, 1 Wakorintho 15:32, kwamba wafu wasipofufuliwa basi na tule na tunywe, maana kesho tutakufa. Hakuinua hata kichwa kwenye randa.

"Na mimi nimekula nini chako, dada?"

Nikakosa la kusema. Ufufuo bado nauamini, na Jumamosi ile ya mazishi niliuhitaji kuliko siku zote. Lakini yule wa dukani alikuwa na mbingu nzima ukutani, na ndiye aliyetaka ng'ombe wetu. (Pasta nilimtumia swali hili WhatsApp. Alinijibu kwa emoji ya mikono iliyokunjwa.)

Nyota moja nimemnyima kwa haki. Aliahidi Alhamisi saa kumi, sanduku likatoka Ijumaa asubuhi gari likingoja mochari. Vanishi ilikuwa bado mbichi, shati jeupe la binamu likaharibika tukiwa hatujafika hata Kisian. Simu yake pia haishikwi, na satini ya ndani ni nyepesi kama neti.

Ukienda, lipa nusu kwanza, na upime marehemu kwa utepe. Sisi tulikisia. Yeye akaongeza inchi 2 bila kutuambia wala kutulipisha, na mjomba alizimaliza zote.