TAHADHARI: Anayetoa vyeti vya ukufunzi wa mazoezi ya wazee Mwanjelwa ni tapeli

Ndugu zangu wa Mbeya, Iringa na Njombe, naandika nikiwa na hasira na aibu, lakini afadhali mnicheke kuliko mmoja wenu kumpelekea fedha huyu anayejiita mkufunzi wa wakufunzi, mwenye chumba ghorofani jirani na soko la Mwanjelwa.

Nilitafuta cheti chake ili niombee kazi ya kuwafanyisha wazee mazoezi. Siku niliyolipa alivuta kiti cha plastiki, akafumbata mikono kifuani, akaanza kukaa na kusimama huku mwenzake akishika saa, na sekunde 30 zilipokwisha akanieleza kwamba kipimo hicho huonyesha nguvu za miguu ya mzee. Ni kweli. Akaongeza kwamba Shirika la Afya Duniani huwashauri wenye miaka 65 na kuendelea wafanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na yale ya kuzuia kuanguka angalau siku 3. Hilo nalo ni kweli. Mtu anayejua hayo, anayekuamkia shikamoo kwa adabu na kuulizia hali ya mama yako, ungemtilia shaka kwa lipi? "Mwalimu, imebaki nafasi moja, wenzako wa Iringa wanaigombania," akasema, nami nikatuma shilingi 350,000 palepale nimesimama, ingawa jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamke nisiyemfahamu, ambaye eti ndiye mhasibu wao.

Cheti nilikabidhiwa wiki hiyohiyo, kikiwa bado na joto la mashine ya kulaminetia, kabla sijamsimamia mzee hata mmoja. Nilipoomba kazi nacho, meneja aliingiza namba ya cheti kwenye tovuti ya taasisi ya Marekani iliyoandikwa chini ya muhuri, akanigeuzia kompyuta nione mwenyewe kwamba hakuna kitu. Sasa simu haipokelewi na chumba kina kufuli.

Dalili zilikuwepo: hapakuwa na mtihani, wala somo la presha na sukari, wala la kumkandamiza kifua mtu ambaye moyo wake umesimama, jambo ambalo taasisi kama American Council on Exercise hulidai kabla ya kumtambua mkufunzi. Usajili wa NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, nilipouulizia, aliniambia uko njiani.

Mtu huyu afungwe, na fedha zetu azitapike zote, kwa sababu anawaachilia vijana wasiojua lolote wawainamishe wazee wenye mifupa dhaifu hadi wavunjike nyonga. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo, itumike. Namba yake ya simu nimeshaituma 15040, namba ya kuripotia matapeli wa simu, na jalada limefunguliwa polisi. Wengine mliolipa, msifute ujumbe wa muamala, njooni nao mtoe maelezo.