Meditesheni ya kurukaruka: kelele kumbe ndo sehemu rahisi

Niseme mapema, mi sio mtu wa meditesheni. Ile ya kukunja miguu na kufuata pumzi nishaijaribu mara kibao, dakika 5 tu kichwa kinaanza kupiga hesabu za madeni, mara nakumbuka ugomvi wa mwaka juzi, naishia kuinuka na hasira kuliko nilivyokaa. Sasa rafiki yangu aliponiambia iko nyingine, mnafanya kundi zima, mnaruka na kupiga makelele, nikamwambia hiyo ndo ya watu kama mimi.

Ni ile ya Osho, yule mwalimu wa Kihindi, aliianzisha 1970, wenyewe wanaiita ya dainamiki. Hoja yake ni kwamba ukimkalisha kimya mtu aliyejaa vurugu atakaa na vurugu zake, kwahiyo kwanza azitoe. Ni saa 1, hatua 5, asubuhi mapema tumbo tupu, na macho yamefungwa kitambaa mwanzo mpaka mwisho.

Dakika 10 za kwanza unapumua kwa pua, haraka, bila mpangilio wowote, nguvu zote kwenye kutoa pumzi. Mimi dakika ya nne hivi vidole vikaanza ganzi na midomo inatekenya, nikajua basi tena, ndo nakufa mbele za watu! Kumbe ni kawaida, ukipumua kasi hivyo unatoa kaboni dayoksaidi nyingi mno, mwili ndo unajibu hivyo. Lakini hilo nimekuja kulijua baadae kwa kusoma mwenyewe, aliyekuwa anatuongoza hakutwambia kitu, wala hakuuliza nani ana presha, nani mjamzito, nani ana kifafa, na hapo kwa kweli nina lawama, manake hao hawatakiwi kuingia humo bila kuongea na daktari.

Hatua ya pili ndo ya kutoa: lia, cheka, gombana na hewa, piga mto. Siku ya kwanza nilisimama kama mlingoti, aibu tupu. Halafu mtu pembeni yangu akaangua kilio, kilio cha mtoto kabisa, na sijui ikawaje nami nikafunguka, nikaanza kumfokea bosi wangu wa zamani, nikamtukana matusi nisiyojua kama nayajua, dakika chache mbele nalia na bosi hata simuwazi tena, sijui nalilia nini. Hii peke yangu chumbani nisingeweza hata kwa dawa. Mkiwa wengi na wote mmefungwa macho, sauti yako inapotelea kwenye za wenzio na hamna wa kukushangaa.

Ya tatu unaruka mikono juu unasema “Huu! Huu!” kutoka tumboni, unatua na unyayo mzima, dakika 10. Vigimbi viliniuma siku 3.

Halafu inakuja sauti: “Simama!” Hapo ulipo, ulivyo, unaganda dakika 15. Hakuna kujikuna, hakuna kukohoa, jasho linaingia jichoni na unaliacha. Wiki ya kwanza niliichukia hii hatua aisee, mikono inatetemeka, hasira inapanda, hasira ya nani sasa, ya huyo aliyesema simama! Ila huna pa kuipeleka, unabaki kuiangalia tu, inapanda kifuani, inafika shingoni, inakaa kidogo, inashuka yenyewe. Mi sikuwahi kujua kama hasira inashuka yenyewe, miaka yote nilidhani lazima umpe mtu.

Ndo maana siwaamini wanaosema kupiga kelele kunatosha. Kuna mtafiti wa Marekani, Brad Bushman, 2002 alionyesha kuwa watu waliopiga begi la ngumi huku wakimuwaza aliyewaudhi walitoka na hasira zaidi kuliko waliokaa tu. Mimi ilinitokea hivyohivyo, siku zile za kumfokea bosi nilikuwa natoka bado nawaka. Nilipoacha kumuwaza nikaacha mwili upige kelele bila kesi ya mtu, ndo nikaanza kutoka mwepesi.

Dakika 15 za mwisho mnacheza muziki, raha tu.

Wanashauri siku 21 mfululizo, mi niliishia 16, usingizi wa alfajiri ulinishinda. Siku hizi nafanya nyingine ya Osho, ya jioni, inaitwa kundalini, hatua 4 za dakika 15: kutetemesha mwili, kucheza, kutulia, kulala chali. Ni laini zaidi, anayeogopa makelele aanzie hapo. Na kama umebeba msiba mzito au ulishawahi kufanyiwa kitu kibaya, muone kwanza mtu wa ushauri nasaha, manake kinachofumuka kwenye dakika 10 zile za hatua ya pili hakuna wa kukishika, mkimaliza kila mtu anakunja mkeka wake anaondoka.

Nyota 4 kati ya 5, moja nimeitoa kwa lile la kutotuuliza afya zetu.

Juzi mdogo wangu kaniudhi mezani, nikaisikia ile kitu inapanda kifuani, nikaganda na kijiko mkononi. Akaniuliza, “We umepatwa na nini?” Ikashuka. Halafu nikamwambia ukweli wake wote, ila kwa sauti ya kawaida.